Kwa aliyeuliza kuhusu kusomea Hispania ya kisasa: filamu zake, siasa zake na ajira iliyopo

Mleta mada umeuliza mambo matatu: kama kweli ipo taaluma ya kuisoma Hispania ya kisasa kupitia filamu na siasa zake, kama Mtanzania mwenye shahada ya kwanza ya lugha anaweza kuingia humo mpaka akafikia uhadhiri, na kama jibu ni ndiyo, aanzie wapi. Wachangiaji walionitangulia wamekushauri uachane nayo ukasomee kitu chenye soko. Nawaheshimu, ila hii ndiyo kazi ninayoifanya. Kwetu ni Tanga, uzamili nilisomea Madrid, uzamivu Uingereza, na huku huku Uingereza ndiko ninakofundisha. Swali lako ni zuri, nitalijibu kwa urefu.

Taaluma ipo. Kwa muda mrefu vyuo vya huku vilifundisha Hispania ya fasihi tu: Cervantes, washairi, tamthilia za karne ya 17. Siasa za karne ya 20 ziliingizwa na wanahistoria kama Paul Preston, walioichambua vita na udikteta kwa kina. Upande wa utamaduni, miaka ya 1990 ndiyo iliyofungua mlango, na kitabu walichokihariri Helen Graham na Jo Labanyi mwaka 1995 kiliwaonyesha wengi kwamba filamu, sera za serikali, fasihi na maisha ya watu wa kawaida vinaweza kusomwa kwenye meza moja. Leo ukitazama mtaala wa Kihispania katika chuo kikuu cha Uingereza, ni nadra kukosa somo la filamu.

Sasa ushauri wangu mkubwa, na mengine yote yanatokana na huu. Usimwendee msimamizi ukamwambia unapenda filamu za Hispania. Wanaozipenda ni wengi. Mwendee na swali ambalo filamu peke yake haiwezi kulijibu na vitabu vya siasa peke yake navyo haviwezi. Na uwe tayari kusoma makaratasi, mengi, ya ofisi za serikali.

Sababu ni hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936 kwa uasi wa wanajeshi na vikaisha Aprili 1939 kwa ushindi wa Jenerali Francisco Franco. Kuanzia hapo hadi alipofariki tarehe 20 Novemba 1975, serikali ilikuwa ndani ya kila filamu. Skripti ilisomwa na wakaguzi kabla ya kamera kuwashwa. Filamu ikikamilika ilikaguliwa tena. Kisha ilipangiwa daraja, na daraja ndilo lililoamua mtayarishaji apate fedha kiasi gani; la juu kabisa lilikuwa la filamu zenye "maslahi ya taifa". Filamu za nje zililazimishwa kuwekewa sauti za Kihispania tangu 1941. Kuanzia Januari 1943 kila ukumbi wa sinema ulipaswa kuonyesha kwanza NO-DO, yaani taarifa ya habari ya picha iliyotengenezwa na serikali. Na pamoja na mkono wote huo mrefu, kanuni za ukaguzi hazikuchapishwa mpaka mwaka 1963. Kabla ya hapo mwongozaji alikisia tu kipi kitapita.

Kwa hiyo kila filamu ya wakati ule ina maisha mawili, moja kwenye skrini na lingine kwenye faili. Mafaili hayo yako katika hifadhi kuu ya nyaraka za utawala, inayojulikana kwa kifupi kama AGA, katika mji wa Alcalá de Henares alikozaliwa Cervantes, safari fupi ya treni kutoka Madrid. Unaomba boksi, unaletewa. Ndani kuna skripti, maoni ya wakaguzi, barua za mtayarishaji anayebembeleza, orodha ya vipande vya kukatwa. Mimi siku zangu bora kabisa kama mtafiti zimepita katika chumba kile cha kusomea. Unasoma maoni ya padri anayelalamikia busu, kisha ya mwenzake asiyejali busu ila hataki polisi aonekane mzembe, kisha ya mwingine anayeona afadhali filamu ipite kwa sababu ikizuiwa Ulaya itauliza. Ukishayasoma hayo huwezi tena kuuzungumzia udikteta kama mtu mmoja mwenye sauti moja.

Nikupe mifano, maana bila mifano haya ni maneno matupu.

Luis Buñuel aliishi uhamishoni Mexico kwa miaka. Mwaka 1961 alirudi Hispania kutengeneza Viridiana, filamu ya msichana aliyekuwa karibu kuweka nadhiri za utawa. Mwisho wa awali ulikuwa rahisi: msichana anabisha hodi chumbani kwa binamu yake, anaingia, mlango unafungwa. Wakaguzi wakaukataa. Buñuel akaandika mwisho mwingine ambapo binamu, Viridiana na mtumishi wa kike wanakaa kucheza karata. Kwenye karatasi hakuna cha kukata. Kwenye skrini mtazamaji anaona watu watatu pale palipokuwa na wawili, na anaelewa. Filamu ikaiwakilisha Hispania huko Cannes, ikapata Palme d'Or, gazeti la Vatican likaishambulia, mkurugenzi wa sinema wa serikali aliyepanda jukwaani kupokea tuzo akapoteza cheo, na Wahispania wenyewe hawakuruhusiwa kuiona nchini mwao hadi 1977. Kama ungeitazama filamu tu ungeusifu ule mwisho kama ubunifu wa msanii. Ukweli ni kwamba wakaguzi nao wamo katika mwisho ule, na mwanafunzi wa fani hii lazima aweze kusema wamo kwa kiasi gani.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda kufundisha. Luis García Berlanga alitoa El verdugo mwaka 1963. Ni kisa cha kijana wa shirika la mazishi anayemwoa binti wa mnyongaji wa serikali, na ili familia isipoteze nyumba ya serikali inabidi arithi kazi ya mkwewe. Watu wanacheka mpaka karibu na mwisho, pale mnyongaji mpya anapokokotwa na walinzi kuvuka ukumbi mweupe mtupu, miguu haina nguvu, huku anayekwenda kuuawa akitangulia mbele kwa utulivu. Sasa weka tarehe pembeni. Aprili mwaka huo huo serikali ilimpiga risasi Mkomunisti Julián Grimau licha ya maombi ya dunia nzima. Agosti ikawaua wanaanarki wawili, Granado na Delgado, kwa chombo kile kile cha chuma cha kukaba shingo kinachohusika katika filamu. Wiki mbili baadaye filamu ikaonyeshwa Venice. Balozi wa Hispania mjini Roma, Alfredo Sánchez Bella, akaandika kwa hasira kwa waziri wake kwamba ile ni propaganda ya kikomunisti dhidi ya nchi. Mwaka 1969 balozi huyo aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari na Utalii, wizara iliyosimamia ukaguzi wa filamu. Wanafunzi wangu wakishaupata mlolongo huo wanaitazama filamu upya, na kicheko chao kinabadilika.

Usidhani lakini kwamba mambo yalikuwa wasanii upande huu na serikali upande ule. Filamu kali kuhusu umaskini wa wanakijiji waliohamia Madrid, Surcos ya 1951, iliongozwa na José Antonio Nieves Conde, mtu wa Falange, chama cha utawala wenyewe. Mkurugenzi wa sinema wa wakati huo, José María García Escudero, aliipa hadhi ya maslahi ya taifa badala ya filamu ya kifahari kuhusu Columbus, na hilo lilimng'oa kwenye kiti. Alirudishwa mwaka 1962, na ni yeye aliyechapisha zile kanuni za 1963. Franco mwenyewe aliandika kisa cha filamu Raza, ya 1942, kwa jina la kubuni. Mwaka 1950 ikatolewa tena ikiwa imepunguzwa saluti za kifashisti na maneno ya kuwachukiza Wamarekani, kwa sababu dunia ilikuwa imebadilika na Hispania ilihitaji urafiki wa Washington. Mkataba wa kambi za kijeshi za Marekani ulitiwa saini Septemba 1953. Ziweke Raza hizo mbili bega kwa bega na una somo zima la siasa za nje.

Kuna na mfano unaotugusa sisi. Mogambo ya John Ford, ya 1953, ilipigwa picha Kenya, Tanganyika na Uganda. Ilipofika Hispania, wakaguzi hawakutaka mke wa mtu aonekane akimpenda mwanamume mwingine, hivyo katika sauti zilizowekwa Madrid mume na mke wakageuzwa kaka na dada. Mtazamaji wa Kihispania akabaki anamtazama dada na kaka ambao ukaribu wao unatisha kuliko uzinzi uliokuwa unafichwa. Ninyi mliokulia kwenye vibanda vya video mkimsikiliza Lufufu au DJ Afro mnajua jinsi sauti iliyowekwa juu ya picha inavyoweza kuibadilisha filamu nzima. Wale wa kwetu waliongeza raha, na mtazamaji alijua anamsikiliza nani. Sauti za Madrid zilificha, na aliyefichwa hakuambiwa. Swali la nani anaruhusiwa kumsikia nani ni la siasa tupu, na mtu aliyekulia kwetu analishika upesi.

Baada ya 1975 mambo hayakuwa mepesi kama vitabu vya watalii vinavyosema. Sheria ya msamaha ilipita Oktoba 1977, ukaguzi wa filamu ukafutwa Novemba mwaka huo, Katiba ikapigiwa kura Desemba 1978. Hata hivyo, Pilar Miró alipotengeneza El crimen de Cuenca mwaka 1979, filamu inayoonyesha mateso yaliyofanywa na Guardia Civil, yaani polisi wa kijeshi wa Hispania, mwanzoni mwa karne ya 20, ilizuiwa na yeye akafikishwa kwenye mikono ya mahakama ya kijeshi. Filamu ilitoka 1981, mwaka ule ule ambao Luteni Kanali Tejero aliingia bungeni na bastola kujaribu mapinduzi, tarehe 23 Februari. Wasoshalisti waliposhinda Oktoba 1982, huyo huyo Miró akapewa kuongoza sinema ya nchi, na agizo lake la 1983 la kutoa ruzuku kabla ya filamu kutengenezwa likabadili ni filamu gani zinazaliwa. Zikapungua kwa idadi na zikapanda kwa hadhi, nyingi zikitokana na riwaya. Bado watu wanabishana kama aliziokoa filamu za Hispania au alizitenga na watazamaji wake. Mimi naona alifanya yote mawili, na naona mwanamke huyo mmoja anatosha kuwa tasnifu.

Kuhusu mwongozaji Pedro Almodóvar nitakuwa mfupi, maana wengi huanzia kwake na kuishia kwake. Ni msanii mkubwa, amestahili kila alichoandikiwa. Lakini msimamizi akisoma pendekezo la tano la Almodóvar kwa mwaka, anachoka. Ukimtaka, mchukue kwenye Madres paralelas ya 2021, pale anapoingia kwenye makaburi ya halaiki ya vita, jambo ambalo filamu zake za mwanzo hazikuligusa. Kisha ulifuate hilo la makaburi: ufukuaji wa kitaalamu wa Priaranza del Bierzo, Oktoba 2000, ulioanzishwa na Emilio Silva akimtafuta babu yake, sheria ya kumbukumbu ya kihistoria ya 2007, Franco mwenyewe kutolewa katika kaburi lake la Valle de los Caídos tarehe 24 Oktoba 2019, sheria mpya ya 2022. Ndani ya miaka hiyo filamu, tamthilia za televisheni na mahakama vimekuwa vikizungumza bila kukoma, na mazungumzo hayo bado ni ya moto. Huwezi kuyasoma ukabaki baridi, na sioni kwa nini ubaki baridi.

Jambo jingine ninalolishikilia: tazama filamu ambazo watu walizilipia. Wasomi wa fani yetu kwa muda mrefu walipenda zile za matamasha, kama za Víctor Erice na Carlos Saura, na hizo ni nzuri kweli kweli. Cría cuervos ya Saura, iliyopigwa picha mwaka 1975 huku Franco akielekea kufa, naifundisha kila mwaka. Ila ukitaka kujua Wahispania walikuwa wanajadiliana nini, nenda pia kwa Ocho apellidos vascos ya 2014. Ni kichekesho cha kijana wa Sevilla na msichana wa Nchi ya Basque, kilichotoka kama miaka miwili na nusu baada ya ETA, kundi lenye silaha lililodai uhuru wa Basque, kutangaza mwisho wa mapambano yake, na kiliuza tiketi zaidi ya milioni tisa, kuliko filamu yoyote ya Kihispania iliyotangulia. Taifa lililokuwa likizika watu kwa ajili ya suala la Basque liliingia ukumbini kucheka juu ya suala hilo. Anayeipuuza filamu hiyo kwa kuwa ni nyepesi anajinyima nyaraka muhimu.

Nije kwenye Afrika, kwa sababu mleta mada umedokeza pia, kwa woga kidogo, kwamba huenda utaonekana mgeni katika fani hii. Hispania ya kisasa huwezi kuieleza bila Afrika. Uasi wa 1936 ulianzia Melilla, mji wa Hispania ulio pwani ya Afrika Kaskazini, na jeshi lililompa Franco nguvu lilikuwa jeshi la Afrika, likiwa na maelfu ya askari wa Moroko, waliovushwa mlangobahari kwa ndege za Wajerumani na Waitaliano. Guinea ya Ikweta ilikuwa koloni hadi 12 Oktoba 1968, na kuanzia 1971 hadi 1976 habari zake zilikuwa siri ya serikali nchini Hispania. Gazeti halikuruhusiwa kuandika yaliyokuwa yakitokea chini ya Macías, rais wake wa kwanza. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya Hermic Films ilipelekwa huko kupiga filamu za kusifia ukoloni. Na Sahara Magharibi: Hispania iliikabidhi kwa Moroko na Mauritania kwa makubaliano ya Madrid ya 14 Novemba 1975, siku sita kabla Franco hajafa, bila kuwauliza Wasahrawi. Tangu 2003 kuna tamasha la filamu katika kambi zao za wakimbizi, kusini-magharibi mwa Algeria. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitambua jamhuri yao, kwa hiyo hata kisiasa jambo hilo lina mlango wa kwetu.

Kisha kuna filamu za wahamiaji. Las cartas de Alou ya Montxo Armendáriz, 1990, inamfuata Msenegali anayefanya kazi za msimu mashambani na mijini, na sauti yake katika barua ndiyo inayotuongoza. Miaka sita baadaye Imanol Uribe alitoa filamu iliyoitwa Bwana, neno letu kabisa, kuhusu familia ya Madrid inayokutana ufukweni Almería na Mwafrika aliyenusurika baharini. Aliyeigiza, Emilio Buale, ni mzaliwa wa Guinea ya Ikweta. Zote mbili zilipata Concha de Oro, yaani Gamba la Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la San Sebastián. Ya kwanza inamsikiliza Mwafrika. Ya pili inawatazama Wahispania wanavyomwogopa, na inawahukumu vikali, lakini yeye mwenyewe inamwachia maneno machache sana. Tofauti hiyo imeandikiwa makala kadhaa na bado haijaisha. Nilipoifanyia kazi sehemu yake katika uzamivu wangu, wakaguzi wa tasnifu walinihoji hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nilikuwa naona vitu ambavyo wao hawakuwa wameviona.

Ila nakuonya. Ukishaandika kuhusu Afrika, kuna idara zitakazotaka uwe "mtu wa Afrika" tu, zikupe somo la uhamiaji na kumpa mwingine historia ya sinema yote. Mimi lilinipata katika kazi yangu ya kwanza ya mkataba. Dawa yake ni kuhakikisha sura moja ya tasnifu na makala moja ya mapema ni ya kitovu cha fani, kwa mfano ukaguzi, ruzuku au kipindi cha mpito. Mtu akiisoma, hawezi tena kukuweka pembeni.

Sasa njia yenyewe. Lugha kwanza. Kihispania chako kinatakiwa kifikie kiwango ambacho unasoma barua ya afisa wa mwaka 1958, yenye vifupisho na mwandiko mbaya, bila kukwama. Cheti cha DELE cha Instituto Cervantes kinasaidia kwenye maombi. Halafu jifunze lugha ya pili ya nchi hiyo hiyo; Kikatalani ndicho chepesi kwa aliyepita kwenye Kifaransa kama wewe. Filamu iliyopata Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 2022, Alcarràs ya Carla Simón, ni ya Kikatalani. Huwezi kuandika kuhusu mgogoro wa Katalunya, na ile kura ya kudai uhuru ya 1 Oktoba 2017, kwa kuwasoma wa Madrid pekee. Watu wengi wanaoomba kazi hizi hawana lugha ya pili, na kamati za ajira huliona hilo mara moja.

Fedha. Kwa uzamili, angalia programu za pamoja za Erasmus Mundus, ambazo hulipia ada na matumizi, na ufadhili wa shirika la ushirikiano la Hispania, AECID. Kwa Uingereza kuna Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Uzamivu usiuanze kwa kujilipia mwenyewe. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakikatikia katikati, wanafanya kazi za usiku na hawafiki Alcalá kabisa. Kama mwaka huu hujapata ufadhili, subiri mwaka ujao huku unaandika.

Ajira ni ngumu. Uingereza idara kadhaa za lugha zimefungwa au kuunganishwa, na nafasi za kudumu ni chache. Wengi hupita miaka kadhaa kwenye mikataba mifupi, wakihama miji. Anayeajiriwa huwa mara nyingi anafundisha sarufi na tafsiri mwaka wa kwanza, na filamu mwaka wa mwisho, kwa hiyo usiudharau ufundishaji wa lugha. Ndio uliolipa kodi yangu ya nyumba. Hispania kwenyewe njia ni nyingine: unaingia kama profesor ayudante doctor, yaani mhadhiri wa ngazi ya kuanzia mwenye uzamivu, au unashindania mkataba wa utafiti wa Ramón y Cajal wa miaka mitano, na kwa ngazi za juu unahitaji kuidhinishwa na wakala wa tathmini, ANECA. Vyuo vyao vina tabia ya kuwachukua waliosomea humo humo. Kwa mgeni wa kutoka Afrika linaongezeka suala la viza, na hilo limekatisha safari za watu kuliko ukosefu wa akili. Kama una familia inayokutegemea nyumbani, uhesabu hilo kabla hujatia saini chochote.

Kwa hiyo waliosema soko ni dogo hawajakosea kuhusu ukubwa wake. Ninachokataa ni kusema kwamba elimu hii haikufai ukiikosa nafasi ya uhadhiri. Niliosoma nao wapo kwenye uandishi wa manukuu ya filamu, kwenye matamasha, kwenye mashirika ya haki za binadamu yanayofuatilia watu waliopotezwa, kwenye balozi. Mtu anayeweza kusoma faili la serikali ya kidikteta katika lugha ya kigeni, akaeleza kwa maandishi safi nani aliamua nini na kwa nini, anatafutwa hata nje ya chuo kikuu.

Umeuliza uanzie wapi. Chagua filamu moja iliyotengenezwa kati ya 1951 na 1981, itazame mpaka uijue, kisha andika ukurasa mmoja: ilitoka mwaka gani na nini kilikuwa kinatokea, nani alilipia, nini kilikatwa au kuogopwa, na swali gani limebaki bila jibu. NO-DO zipo mtandaoni kwenye hifadhi ya televisheni ya taifa, RTVE, bure kabisa. Tazama za wiki ile filamu yako ilipotoka. Maktaba ya Taifa ya Madrid nayo imeweka magazeti mengi ya zamani mtandaoni. Hayo yote unaweza kuyafanya ukiwa hapo hapo ulipo, kabla ya pasipoti. Ukurasa huo ndio utakaoutuma kwa wasimamizi, pamoja na barua fupi isiyo na sifa nyingi. Waandikie wanne au watano ambao umesoma kazi zao, na uonyeshe umezisoma.

Ukiumaliza, uweke humu kwenye uzi, au nitumie pembeni kama hutaki wengine wauone. Nitausoma na nitakwambia nani wa kumpelekea.